Umetandika epoksi kwenye kitako cha raifo na blu imeharibika, au chuma kimegoma kutoka? Tafuta chanzo hapa

Mbao inakunywa unyevu masika na kunywea kiangazi, hilo seremala yeyote wa Mafinga atakwambia bure, na kitako cha raifo nacho ni mbao tu, kwahiyo ukiishi Tukuyu kwenye mvua zisizoisha alafu ukashuka nayo Usangu kwenye jua kali, chuma kinaanza kucheza ndani ya kitako na risasi zinatawanyika. Ndo maana watu wanatandika epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, resini na hadina inayoikausha) katikati ya mbao na chuma, ikikauka inakuwa na umbo lile lile la chuma na hakichezi tena. Kazi yenyewe sio ngumu. Ishu inakuja pale mtu anapofungua asubuhi anakuta blu, ile rangi ya chuma cha bunduki, imetoka, au hafungui kabisa, alafu anaanza kusema epoksi imekula chuma.

Epoksi haili blu jamani. Ile rangi nyeusi ya bluu kwenye mtutu ni oksaidi ya chuma, tabaka jembamba mno la mikroni chache, wakati unywele wa kichwani kwako una mikroni kama 70 hivi, na epoksi ikishakauka haina shida yoyote nayo. Kinachoiondoa ni vile unavyofanya ukishaona epoksi imeshika: unakwangua na bisibisi, unapaka siki, unachoma moto, au umeacha maji chini yake. Kwahiyo kila dalili hapa chini tutauliza kwanza kipi kati ya hivyo kimepita, alafu ndo tutafute kwanini epoksi ilishika mahali isipotakiwa.

Kabla hujagusa kitu: bunduki iwe ya leseni yako, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo na haina utani, na kama huna uzoefu mpelekee fundi mwenye kibali. Chemba tupu, magazini tupu, bolti imetoka, risasi ziko chumba kingine. Traiga nayo itoe yote. Ukiacha traiga ndani na epoksi ikaingia, hutasumbuka na blu tena, utasumbuka na bunduki isiyo salama.

CHUMA KIMEGOMA KUTOKA KWENYE KITAKO

Hii ndo kesi inayozaa kesi nyingine zote, maana mtu akishapaniki anachukua patasi. Weka chini patasi. Kwanza jua imeshikwa na nini, kwa sababu kuna kushikwa kwa aina mbili. Ya kwanza ni epoksi kunata kwenye chuma kwa sababu dawa ya kuachia (nta au kitu kama hicho kinachopakwa kwenye chuma ili epoksi isinate) haikupakwa vizuri. Ya pili, na hii ndo inawakuta wengi, ni epoksi kuingia kwenye tundu au kona iliyojikunja ndani ikakauka humo, hapo hata ungepaka nta kilo nzima haitoki kwa sababu imekuwa pini.

Angalia matundu ya pini za traiga, tundu la skrubu, nafasi ya bolti stopa (kizuizi kinachozuia bolti isichomoke), kona za magazini, na lile jino la chini mbele ya bodi linalopokea teke la bunduki (bodi namaanisha kile kipande cha chuma kinachobeba bolti). Kama moja kati ya hayo hukuliziba, jibu umeshalipata.

Kutoa: fungua skrubu zote. Skrubu ikigoma chukua pasi ya fundi redio, iweke kichwani mwa skrubu dakika chache mpaka joto lishuke chini, epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida inaanza kulegea kuanzia kama nyuzi 50 au 60 na kuendelea, kwahiyo huhitaji kuiva nyekundu, unahitaji chuma cha moto kiasi kwamba hukigusi. Jaribu na bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu vizuri, ikiwa ndogo itateleza na ndo unapata ule mkwaruzo mweupe ambao baadae utasema ni wa epoksi.

Skrubu zikitoka, friza. Funga bunduki kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, ilaze usiku mzima. Epoksi inasinyaa kwa baridi kuliko chuma, ule mnato unakatika. (Friza ya kwako mwenyewe, usiende kuiacha kwenye friza ya jirani anayeuza soda, silaha haiachwi kwa watu.) Asubuhi unaushika mtutu umeufunga kitambaa kwenye jiliwa, unagonga kitako upande wa mbele na nyundo ya mpira, taratibu, kitako kiondoke moja kwa moja kuachana na chuma. Usikitingishe kulia kushoto utapasua mbao. Mara nyingi unasikia "tak" na kinaachia.

Kikitoka tu chuma kitatoa jasho maana kimetoka baridi, na huku kwetu masika hewa imejaa maji. Futa hapo hapo, paka mafuta hapo hapo, usiende kunywa chai kwanza. Kutu ya namna hiyo inaonekana ndani ya siku moja.

Friza ikishindwa, geuka upande wa pili: draya ya nywele, ielekeze kwenye chuma sio kwenye mbao, dakika kumi na tano au ishirini, alafu gonga tena. Blu haidhuriki na joto la draya. Usitumie jiko la mkaa wala gesi ya kulehemu, hapo unacheza na ugumu wa chuma chenyewe, springi zinalegea, na saiti zilizoshikizwa kwa lehemu laini zinadondoka. Na kama ulikuwa umemwaga asetoni karibu, moto wowote ni balaa.

Ikishindikana kabisa, kata mbao. Inauma lakini ndo hesabu yenyewe, kitako cha mninga fundi mzuri anakuchongea kingine, ila bodi iliyopinda au iliyochimbwa na patasi hairudi.

BLU IMETOKA MSTARI KWA MSTARI PEMBENI, PALE MBAO INAPOKUTANA NA CHUMA

Hapo ulikuwa unaondoa epoksi iliyofurika. Imekauka, ukaikwangua na kisu. Uliza lini uliiondoa na ulitumia nini.

Epoksi ina vipindi vitatu. Ikiwa mbichi inafutika, chukua zile pamba za masikio, ziloweshe WD-40 kidogo, futa ukizungusha, pamba moja mpito mmoja unatupa, ukirudia na ile ile unasambaza tu uchafu. Baadae inakuwa na ulaini wa kifutio cha penseli, kucha inaacha alama lakini haishiki kidoleni, hapo unakata na kijiti cha mwanzi ulichokichonga bapa au kipande cha kadi ya simu ya zamani, inatoka utepe mzima. Ikishapita hapo imekuwa jiwe, na kisu cha chuma kitachukua blu kabla hakijaichukua epoksi. Kipindi cha katikati ndo cha kukivizia, kwahiyo acha tone la mchanganyiko ule ule kwenye kipande cha kadi uwe unaligusa hilo badala ya kugusa bunduki kila dakika.

Imeshakuwa jiwe? Pasha na draya, alafu kwangua na mwanzi, plastiki ngumu au kipande cha shaba ya njano. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, inaweza kuacha alama ya njano lakini hiyo inafutika na mafuta na kitambaa. Asetoni haitayeyusha epoksi iliyokauka, ukiilowesha muda mrefu inalegea kidogo tu kingoni, na blu haiiathiri, ila ikigusa vanishi ya kitako umeharibu kitako. Thina ya rangi ni hivyo hivyo.

Stilwaya ya kuoshea sufuria usilete hapa. Ile laini kabisa ya namba 0000 na mafuta inakubalika kwenye blu nzuri ya kiwandani ukipitisha mkono mwepesi, lakini kwenye blu ya zamani iliyochoka, au ile iliyopakwa kwa dawa ya baridi ya kwenye chupa, hata hiyo inaondoa.

DOA LA KIJIVU AU KAHAWIA, HAKUNA MKWARUZO

Sasa hapa ni kemia. Siki. Mtu kasikia siki inaondoa epoksi mbichi mikononi, na kweli inasaidia kwenye vifaa vya plastiki, basi anaichukua anapaka kwenye mtutu. Siki ni asidi na asidi ndo inayovua blu, ndimu pia, dawa ya chooni pia, na dawa za kutoa kutu zenye asidi ya fosforiki usizisogeze kabisa. Jik nayo haivui kwa ustaarabu, inaleta kutu moja kwa moja.

Ukishaharibu hivyo huna cha kufuta, blu haipo. Osha na maji ya sabuni, kausha kwa draya, safisha kwa asetoni, alafu unaweza kugusishia na dawa ya blu ya baridi, chuma kiwe na uvuguvugu kidogo inashika vizuri zaidi. Vaa glavu na fungua madirisha maana nyingi zina seleni ambayo ni sumu. Haitafanana asilimia mia na ya kiwandani, ukiiangalia juani utaiona. Bahati nzuri maeneo mengi ya kutandikia yanafichwa na mbao.

Kama bunduki yako haina blu inayong'aa bali ina ile fenishi ya kijivu isiyoakisi mwanga, ya fosfeti, jua kwamba ile ina vinyweleo na epoksi inaingia ndani yake. Hiyo paka dawa ya kuachia mara mbili au tatu, kila mkono ukauke kwanza. Na iliyopakwa rangi ya kupuliza dukani ndo mbaya kuliko zote, epoksi ikishika rangi inaondoka na rangi yake.

Mara nyingine doa sio doa, ni nta au gundi ya masking tepu iliyokaa siku nyingi. Futa na WD-40 kabla hujaanza kulia.

EPOKSI HAIKAUKI, INANATA KAMA ASALI

Juni na Julai, Mbeya, Njombe, Makete, usitafute mchawi, ni baridi. Epoksi nyingi za kazi hii zinataka nyuzi 20 mpaka 25, na kila joto likishuka nyuzi 10 muda wa kukauka unakaribia kuwa mara mbili, sasa wewe umetandika saa kumi na moja jioni, usiku Mbeya inashuka chini ya 10, kule Kitulo ni barafu kwenye majani, unategemea nini. Kwenye hali hiyo epoksi ya JB Weld ambayo kwa kawaida inashika ndani ya masaa manne mpaka sita na kukauka ndani ya masaa 15 mpaka 24, asubuhi bado itakuwa laini, na ukifungua hapo inavutika, inabaki nusu kwenye chuma, unaanza kukwangua na tumerudi kule kwenye blu.

Dawa: tandika asubuhi saa nne jua limepanda, chuma na mbao na mikebe yote vipate joto kwanza, na usiku weka bunduki kwenye kabati lililofungwa kwa kufuli lenye balbu ya kizamani inayotoa joto ndani, mbali na mbao. Kama resini imeganda ukungu mweupe au chembechembe kwenye mkebe haijaharibika, ni baridi tu imeigandisha, iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 au 60 mpaka iwe safi, iache ipoe kidogo ndo uchanganye.

Na ukikuta utando wa mafuta mafuta juu ya epoksi iliyokauka, huo ni hadina iliyokutana na unyevu na ukaa wa hewani, unatokea sana kwenye baridi yenye ukungu. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kinatosha.

Kama joto lilikuwa sawa basi ni vipimo. Wale mliozoea puti ya gari mnaniumiza hapa, kwenye puti ukiongeza hadina inakauka haraka, kwenye epoksi sivyo, pande zote mbili zinaungana kwa hesabu na ukizidisha moja kinachobaki kinakaa mbichi milele. JB Weld ni nusu kwa nusu. Acraglas, epoksi ya kutandikia bunduki, ile ya maji ni nne kwa moja kwa ujazo, ila Acraglas Gel ni moja kwa moja. Devcon Plastic Steel Putty, ambayo nayo ni epoksi licha ya jina, ni 2.5 kwa 1 kwa ujazo lakini ukipima kwa uzito ni 9 kwa 1, kwahiyo ukichanganya hizo hesabu mbili imeisha hiyo. Kwa kupima uzito tumia mizani midogo ya dhahabu kama ile ya watu wa Chunya, inafaa kabisa. Koroga dakika mbili tatu, kwangua pembeni na chini ya kikopo, pale chini ndo panabakia resini tupu.

Iliyobaki mbichi itoe yote, mbao na chuma, futa na asetoni ukikwepa vanishi, anza upya. Kupaka nyingine juu yake hakusaidii. Na puti yenyewe ya gari usiitandike, inasinyaa na inapasuka kwa teke. Epoksi za dakika tano nazo ziache kwa ajili ya kazi ndogo za nyumbani.

IMEBAKI KWENYE CHUMA, MBAO IMETOKA SAFI

Imekimbia upande usio wake. Aidha mbao ina mafuta ya bunduki ya miaka na miaka, hasa upande wa nyuma ya bodi pale panapokuwa peusi, au mikono yako yenye nta imegusa mbao. Mbao iliyolowa mafuta: paka uji wa asetoni na unga wa chokaa, uache ukauke, piga brashi, rudia mpaka chokaa itoke nyeupe, na kama mbao imelainika ichonge mpaka ufike kwenye ngumu. Alafu toboa vishimo vidogo au chora mikwaruzo epoksi ipate pa kushikia. Anza na mbao, malizia mbao kabisa, ndo uguse mkebe wa nta.

Kuhusu dawa yenyewe ya kuachia: Kiwi ya viatu isiyo na rangi inafanya kazi, nta ngumu ya gari inafanya kazi. Paka nyembamba, iache ikauke, ng'arisha na kitambaa, rudia. Vaselini na grisi sizipendi, zinakaa nene, epoksi inachukua umbo la grisi badala ya la chuma, na zinasukumwa pembeni ukikaza, chuma kinabaki tupu. Nta zenye silikoni zinahamia kwenye mbao na hazitoki. Ile dawa ya PVA ya mafundi wa faiba nzuri, lakini ni ya maji, ikauke kabisa kabla hujatandika na uioshe yote ukimaliza.

Matundu ziba na plastisini ya watoto, zile za dukani stesheneri, sawazisha na ukucha mpaka iwe sawa na uso wa chuma, alafu nta juu yake. Skrubu zipake nta mpaka kwenye nyuzi.

VISHIMO NA MAPOVU

Hewa. Weka epoksi zaidi katikati ili ikibanwa ikimbilie pembeni, shusha chuma taratibu kuanzia upande mmoja. Kishimo kidogo kiache. Kikubwa kwenye sehemu ya jino kijaze.

KUTU INATOKEA WIKI KADHAA BAADAE

Uliosha kwa asetoni ukarudisha chuma kikavu. Asetoni inaondoa na mafuta, chuma kimebaki uchi ndani ya epoksi iliyobana, maji ya mvua yakiingia hayana pa kutokea, na jasho la mikono lina chumvi. Au ni PVA haikuoshwa.

Kabla hujarudisha, chini ya bodi na mtutu paka nta ngumu, sio mafuta, mafuta yanashuka kwenye mbao na kuilainisha. Ukirudi porini umelowa, fungua siku hiyo hiyo.

Kutu nyepesi ya kahawia: mafuta, usiku mzima, alafu kitambaa kigumu au brashi ya shaba, mkono mwepesi. Kwa vipande vidogo vya chuma chenye blu kuna njia nzuri zaidi ambayo watu hawaitumii: chemsha kwenye maji safi ya mvua kwa nusu saa, kutu nyekundu inageuka kuwa nyeusi, oksaidi ile ile ya blu, alafu unapitisha stilwaya ya 0000 kuondoa unga wa juu na unapaka mafuta kikiwa bado cha moto. Maji ya huku nyanda za juu yanachemka kwenye nyuzi kama 94 kwa sababu ya mwinuko, bado inakubali.

KILA KITU KIMEPENDEZA ILA INAPIGA OVYO KULIKO MWANZO

Ulikaza skrubu kwa nguvu wakati epoksi ni mbichi. Bodi ilipinda kidogo, epoksi ikakauka na ule upindo, sasa kila ukikaza unaipinda tena. Jaribu hivi: fungua skrubu ya nyuma taratibu huku kidole kiko kwenye mstari wa mbao na mtutu, ukihisi mtutu unanyanyuka au kushuka jibu ndo hilo. Chonga, tandika upya, na safari hii usikaze skrubu, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe, ubane tu mpaka chuma kikae chenyewe.

Kama haichezi, angalia jino. Upande wa nyuma wa jino ndo unatakiwa uguse epoksi peke yake, mbele, pembeni na chini unaweka masking tepu kabla ya kutandika ili pabaki nafasi ukishaibandua. Chini ikigusa, bodi inakalia jino badala ya kukaa sawasawa. Alafu pitisha karatasi chini ya mtutu kutoka mbele, inapokwama ndo pa kupunguza, na msasa uzungushie kwenye kijiti kinene, mtutu ukiwa umetoka kabisa kwenye kitako.